Uliwahi kulitumikia Jeshi la Uingereza? Jinsi ya kuomba msaada wa mashirika ya hisani, hatua kwa hatua

Kama uliwahi kuvaa sare ya Jeshi la Uingereza, au ni mke, mume au mjane wa aliyeivaa, kuna mashirika ya hisani ambayo kazi yake ni kukusaidia unapokwama kifedha. Kwa kawaida hayakukopeshi wala hayatozi riba. Hulipia malimbikizo ya kodi ya nyumba, friji iliyokufa, kiti cha magurudumu, gharama za mazishi, na mara nyingine nauli ya kwenda kwenye mahojiano ya kazi. Hata hivyo nimekaa mezani na familia nyingi za Kiafrika Mashariki, kutoka Aldershot hadi Catterick, miji ya kambi za jeshi, zenye barua za wadai ambazo hazijafunguliwa, na hakuna aliyewahi kuinua simu. Sababu huwa mbili. Ya kwanza: “Hizo pesa ni za waliokatwa miguu Afghanistan, mimi nilikuwa dereva tu.” Ya pili: “Sina uraia, wataninyang’anya kibali.” Zote mbili si kweli, na zimewagharimu watu nyumba zao.

Watu wa kwetu katika jeshi hilo si wachache. Mwaka 1998 Uingereza iliondoa sharti la raia wa Jumuiya ya Madola kuishi nchini humo miaka mitano kabla ya kujiunga, na tangu hapo vijana wengi wa Kenya na nchi jirani wameingia. Wengi wamemaliza mikataba yao na kurudi uraiani, na uraiani hakuna sajenti wa kukuelekeza ofisi ya kwenda. Mwongozo huu ni wao. Sehemu ya mwisho ni ya wazee wa Keya, yaani King’s African Rifles, na wajane wao walioko Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu wajukuu zao wengi wako Ulaya na ndio wanaosoma mtandaoni.

Kwanza ujue kwamba unastahili

Kwa hesabu ya serikali ya Uingereza, mstaafu wa jeshi ni mtu yeyote aliyetumikia angalau siku moja katika majeshi yake, awe wa kudumu au wa akiba. Hakuna sharti la kupelekwa vitani wala la kuumia. Mpishi, dereva, karani na fundi wote wamo. Familia nazo zimo: mke, mume, mwenzi, mjane na watoto wanaokutegemea. Hata mliotalikiana, uliza kabla ya kujikatia tamaa, maana mashirika kadhaa hupokea maombi ya waliokuwa wenzi wa wanajeshi.

Kinachotofautiana ni masharti ya kila mfuko. Mfuko wa rejimenti hutaka kuona kwamba ulivaa beji ya rejimenti hiyo. Mfuko wa Jeshi la Anga hauwezi kumlipia askari wa nchi kavu. Hilo lisikutishe, kwa sababu kuchagua mfuko si kazi yako, kama utakavyoona katika hatua ya tatu.

Sasa suala la kibali, kwa kuwa ndilo linalofunga midomo ya wengi. Vibali vingi vya ukaazi huja na sharti la kutotumia fedha za umma. Fedha za umma katika sheria za uhamiaji ni orodha maalumu ya misaada ya serikali: Universal Credit, Housing Benefit, Child Benefit, nyumba za halmashauri na nyinginezo zilizotajwa humo. Ruzuku ya shirika la hisani haimo katika orodha hiyo. Ukipokea pauni 500 kutoka mfuko wa rejimenti yako, hujavunja sharti lolote la kibali chako. Mweleze mkeo, mweleze na rafiki yako anayeogopa.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi kabla ya kupiga simu

Unaweza kupiga simu bila karatasi hata moja, na ukiwa katika dharura piga hivyo hivyo. Lakini kesi nyingi zinazochelewa huchelewa hapa, kwa hiyo tafuta bahasha moja kubwa uweke vitu hivi:

- Namba yako ya jeshi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na jina kamili la rejimenti au kikosi. “Jeshi” halitoshi. Andika Royal Logistic Corps, The Rifles, au popote ulipokuwa, na kama ulihama andika vyote.
- Karatasi za kuachishwa kazi jeshini au kadi ya mstaafu, ile Veteran Card ambayo hutolewa bure. Kama umepoteza kila kitu, iombe Wizara ya Ulinzi kumbukumbu zako za utumishi. Kwa mwenyewe ni bure, ila huchukua muda, basi omba leo.
- Kitambulisho na uthibitisho wa hali yako ya ukaazi.
- Taarifa za benki za miezi mitatu, za akaunti zote.
- Mkataba wa nyumba, hati za mshahara, barua za mafao unayopata, na barua za kila deni.
- Kwa mjane: cheti cha ndoa na cheti cha kifo, pamoja na namba ya jeshi ya marehemu.

Kisha chukua karatasi moja, igawe katikati, andika upande mmoja kinachoingia kwa mwezi na upande wa pili kinachotoka. Hapa nina neno na ndugu zangu, kwa sababu kuna mstari mmoja ambao karibu kila mtu wa kwetu huuruka: pesa tunazotuma nyumbani. Huandikwa kodi ya nyumba, umeme, chakula, nauli, na hesabu inaonyesha kwamba kila mwezi zinabaki pauni 150. Halafu mhudumu anafungua taarifa ya benki na kuona pauni 80 zinaondoka tarehe 2 kila mwezi kwenda kwa mama Kisii, 40 za chama, na 30 za mkopo wa SACCO uliochukuliwa kununua ploti Kitengela. Zile 150 zimekwenda huko. Wewe hukukusudia kudanganya, lakini kwa mtu asiyekujua inaonekana hivyo.

Andika. “Mama mzazi, hana pensheni, pauni 80.” “Chama, 40.” “SACCO, 30.” Mhudumu anaweza kukuuliza kama unaweza kupunguza kwa miezi michache, na huo ni mjadala wa haki. Deni la ploti pengine halitahesabiwa kuwa la lazima. Lakini hesabu inayofungana inamfanya mtu akuamini, na wanaoamua watasoma maneno yake kabla ya kuona jina lako.

Hatua ya 2: Angalia unachoidai serikali

Mashirika ya hisani huziba pengo linalobaki baada ya haki zako za kiserikali. Watakuuliza kama umedai, na kama hujadai watakuelekeza huko kwanza. Mambo mawili husahaulika mno.

La kwanza ni fidia. Kama uliumia au uliugua kwa sababu ya utumishi tarehe 6 Aprili 2005 au baada yake, dai lako liko chini ya mpango wa fidia uitwao Armed Forces Compensation Scheme, na kwa kawaida una miaka 7 ya kudai. Kama chanzo ni kabla ya tarehe hiyo, ni War Pension, ambayo haina ukomo wa muda. Magoti, mgongo, masikio yaliyoharibiwa na milio ya risasi, na maradhi ya akili yanayotokana na utumishi, yote huangaliwa. Unaweza kudai ukiwa Uingereza au umesharudi Nakuru. Simu ya ofisi ya serikali inayoshughulikia madai haya, iliyokuwa ikiitwa Veterans UK, ni 0808 1914 218 ukiwa ndani ya Uingereza.

La pili ni pensheni. Watu wengi waliotumikia miaka michache hudhani hawana kitu. Pensheni iliyohifadhiwa ipo, lakini haiji yenyewe: ukifika umri wake lazima uidai. Askari aliyehama nyumba mara sita tangu atoke jeshini hatapata barua ya kumkumbusha. Andika barua au piga simu ukajulishe anwani yako mpya hata kama umri huo bado uko mbali.

Usisubiri madai haya yaishe ndipo uende kwa mashirika. Fidia inaweza kuchukua miezi mingi, na mwenye nyumba hasubiri miezi mingi. Anza yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya 3: Piga simu moja, usipige kumi

Hii ndiyo hatua isiyoeleweka kuliko zote, na ukiielewa umeshavuka nusu ya safari.

Uingereza ina mifuko mingi mno ya kijeshi. Kuna ya rejimenti, ya vikosi, ya maafisa, ya walemavu, ya mikoa. Ungedhani unapaswa kuuandikia kila mmoja. La. Wengi wao hata hawapokei ombi la moja kwa moja kutoka kwako. Wanategemea shirika moja likutembelee, likusikilize, lithibitishe hali yako, kisha liandike ripoti moja na kuisambaza kwa mifuko inayokuhusu. Kila mfuko unachangia sehemu yake mpaka kiasi kitimie. Wewe unasimulia shida yako mara moja tu.

Milango miwili mikubwa ya kuingilia ni hii:

SSAFA, shirika lililoanzishwa mwaka 1885 na ofisa wa jeshi James Gildea, aliyeandika barua katika gazeti la The Times kuwaombea wake na watoto wa askari waliokuwa wakipelekwa Misri. Tangu mwanzo lilikuwa shirika la familia, na bado lina watu wa kujitolea karibu kila wilaya. Simu: 0800 260 6767.

Royal British Legion, lililoundwa mwaka 1921 baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndilo linalouza yale maua mekundu ya karatasi kila Novemba, na fedha za maua hayo ndizo unazokwenda kuomba. Simu: 0808 802 8080. Ukiwa Scotland, kazi hiyo hufanywa na Poppyscotland.

Chagua mmoja. Ukiwapigia wote wawili kwa shida ile ile, kesi mbili zitafunguliwa, mifuko ile ile itapokea ripoti mbili juu yako, na yote itasimama mpaka waulizane. Waliokuwa wanamaji wana Royal Naval Benevolent Trust, na waliokuwa Jeshi la Anga wana RAF Benevolent Fund ambao huwapokea moja kwa moja. Army Benevolent Fund, mfuko mkuu wa askari wa nchi kavu tangu 1944, hufanya kazi kupitia SSAFA, Legion na rejimenti, kwa hiyo ripoti yako itaufikia bila wewe kuupigia.

Kama hali ni ya leo, sema hivyo katika sentensi ya kwanza. “Mita ya umeme imekata na nina mtoto mchanga.” “Chakula kimekwisha.” “Nina barua ya kutolewa nyumbani, tarehe ni Alhamisi.” Usianze na salamu ndefu za kwetu halafu shida ikaja dakika ya kumi. Yapo mambo ambayo hushughulikiwa kwa haraka, lakini mpokea simu lazima ajue kwamba ni ya haraka.

Na kama Kiingereza cha simu kinakusumbua, kaa na mtu mzima unayemwamini. Usimfanye mtoto wako kuwa mkalimani wa madeni yako. Atayabeba kichwani akienda shule.

Hatua ya 4: Mazungumzo na mhudumu wa kesi

Atakayekuja nyumbani au kukupigia simu mara nyingi ni mtu wa kujitolea, na mara nyingi naye aliwahi kuwa askari au ameolewa na askari. Yeye si polisi, si mtu wa Home Office (wizara inayosimamia uhamiaji), na si yeye anayeamua kama utapewa. Kazi yake ni kukuandikia ripoti nzuri, na ubora wa ripoti hiyo unategemea unachomwambia.

Tazama tofauti. Mtu akisema, “Tunahitaji msaada wa kifedha kwa sababu maisha ni magumu,” ripoti haina cha kushika. Akisema: “Mashine ya kufulia imekufa wiki tatu zilizopita. Tuko watano, na mtoto wa mwisho bado analowesha kitanda. Tunabeba mashuka kwa basi hadi dobi la sarafu kila siku ya pili, na hiyo inakula pesa ya chakula. Mashine ya kawaida yenye kuwekwa na kuondolewa ile mbovu ni bei hii, nimeiona duka hili,” hapo mfuko una kitu mahususi, gharama mahususi, na sababu. Ombi la namna hii hupita kwa urahisi zaidi kuliko ombi la jumla la fedha taslimu, ambalo ni nadra kukubaliwa.

Mweleze pia kilichosababisha. Kama uliachishwa kazi ya ulinzi wa usiku kwa sababu unalipuka kwa hasira, sema. Kama hulali, unaota vita vya Helmand, Afghanistan, unakunywa ili upate usingizi, sema. Wanaume wa kwetu tumefundishwa kwamba askari halii, na nimeona jinsi funzo hilo linavyowaua watu wazuri polepole ndani ya nyumba zao. Mficha uchi hazai. Mhudumu anaweza kukuunganisha na Combat Stress, shirika linalohudumia afya ya akili ya wastaafu tangu 1919, simu 0800 138 1619, saa zote. Kama uko England kuna pia Op COURAGE, huduma ya afya ya akili ya NHS (huduma ya afya ya taifa) kwa wastaafu wa jeshi. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, piga 999 au Samaritans 116 123 kabla ya jambo lingine lolote katika mwongozo huu.

Kuhusu uhamiaji, mhudumu wa kesi hawezi kukushauri, na usimlaumu: huko Uingereza ni kosa la kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Mwombe akuelekeze kwa mshauri aliyesajiliwa. Jambo moja ulijue mapema: tangu Aprili 2022, askari wa Jumuiya ya Madola aliyetumikia miaka 6 au zaidi, au aliyeachishwa kwa jeraha au ugonjwa uliotokana na utumishi, halipi ada ya maombi ya ukaazi wa kudumu. Msamaha huo ni wa askari mwenyewe. Mke na watoto bado hulipa, na ndiyo maana ada za familia zimekuwa chanzo kikubwa cha madeni katika nyumba zetu. Itaje ada hiyo katika hesabu yako waziwazi, na uulize kama kuna mfuko unaoweza kuiangalia kabla hujaikopea.

Hatua ya 5: Usinunue, usikope, usisaini chochote kwanza

Mashirika haya kwa kawaida hayarudishi pesa uliyokwisha kutumia. Ukinunua kitanda leo kwa kadi ya mkopo ukitegemea ruzuku ya wiki ijayo, kitanda hicho ni chako na deni ni lako. Subiri jibu la maandishi.

Madeni yana utaratibu wake. Kabla ya mfuko kulipa deni, utatakiwa kwanza umwone mshauri wa madeni asiyetoza ada, kama StepChange, National Debtline au Citizens Advice. Wengine huona hili kama kuzungushwa. Si hivyo. Mfuko hautaki kulipa pauni 1,000 za deni moja wakati matano mengine yatakufilisi mwezi ujao. Huko England na Wales, mshauri huyo anaweza pia kukuombea kipindi cha siku 60 ambacho wadai wengi hawaruhusiwi kukufuata wala kuongeza riba. Utaratibu huo ulianza Mei 2021, na ndizo siku utakazohitaji kesi yako izunguke.

Jua pia deni lipi huja kwanza. Kodi ya nyumba, Council Tax (kodi ya halmashauri), umeme na gesi ndizo zinazoweza kukutoa nyumbani, kukufikisha mahakamani au kukuacha gizani. Kadi ya mkopo inapiga kelele zaidi kwa simu, lakini haikutoi nyumbani wiki hii. Usilipe wanaopiga kelele ukawaacha wanaobeba funguo.

Hatua ya 6: Kusubiri, na kupokea jibu

Ripoti ikishatumwa, mifuko hujibu kila mmoja kwa wakati wake. Tuseme unahitaji pauni 900. Mfuko wa rejimenti unaweza kutoa 400, mwingine 300, wa tatu 200. Kwa kawaida pesa haziingii kwenye akaunti yako: hulipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, duka au mtoa huduma. Usilichukulie kama dharau. Ndivyo wanavyowajibika kwa bibi kizee aliyetumbukiza sarafu zake kwenye kopo la Novemba.

Wakati unasubiri, pokea simu usizozijua. Wengi wa wahudumu hupiga kwa namba iliyofichwa au ya nyumbani kwao, na sisi tuliozoea wadai huwa hatupokei. Kesi zimefungwa kwa sababu hiyo tu. Hali ikibadilika, mfano umepata kazi au umepokea barua ya mahakama, mjulishe mhudumu siku hiyo hiyo.

Ukikataliwa, uliza mambo mawili: ni mfuko upi umekataa, na kwa sababu gani. Mfuko mmoja kukataa si mashirika yote kukataa. Mara nyingi sababu ni karatasi iliyokosekana au hesabu isiyofungana, na hiyo hurekebishika.

Kuna mashirika ambayo mhudumu mwenyewe anaweza kusahau kuyataja, kwa hiyo yataje wewe. Blind Veterans UK, tangu 1915, huwahudumia wastaafu waliopoteza uwezo wa kuona hata kama upofu haukutokana na vita. Mzee mwenye kisukari kilichoharibu macho yake anahusika. Blesma ni ya waliopoteza viungo au matumizi ya viungo. Scotty’s Little Soldiers, lililoanzishwa mwaka 2010 na Nikki Scott baada ya mumewe kuuawa Afghanistan, ni la watoto waliofiwa na mzazi aliyelitumikia jeshi. Mama mjane mwenye watoto, usiliruke hilo.

Na kuhusu harambee: tukipatwa na msiba tunafungua kundi la WhatsApp na watu wanachanga usiku huo huo. Ni jambo jema na liendelee. Lakini kama marehemu alikuwa mwanajeshi, mtu mmoja katika kamati apewe kazi ya kupiga simu SSAFA au Legion siku ya kwanza, kabla mkataba wa mazishi haujasainiwa. Nimeona familia ikimaliza akiba ya ndugu wote kulipia jambo ambalo mfuko ungechangia.

Jihadhari na matapeli

Hakuna shirika la kweli linalokutoza ada ya fomu, “ada ya kufungua faili” au asilimia ya ruzuku. Mtu akikuambia ana mtu wake ndani, kata simu. England na Wales, kila shirika la hisani lenye ukubwa wa kutajika limo katika daftari la Charity Commission, na unaweza kulitafuta kwa jina bila malipo. Usitume picha ya kadi yako ya mstaafu wala namba yako ya jeshi kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama ni kundi la wenzako wa kikosi.

Wazee wa Keya na wajane wao

Askari wa King’s African Rifles, wale babu zetu waliowaita Keya, waliopigana Bama (Burma, sasa Myanmar) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 na wale waliotumikia baadaye mpaka uhuru, wana shirika lao. Ni Royal Commonwealth Ex-Services League, lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921, na linawasaidia waliolitumikia taji la Uingereza kabla ya uhuru wa nchi zao, pamoja na wajane wao, wenye uhitaji. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 12 kwa miaka mitano ili wazee hao katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate uhakika wa milo miwili kwa siku. Maombi hupitia vyama vya wastaafu vya nchi husika. Kenya ni Defence Forces Old Comrades Association, Tanzania ni Tanzania Legion and Clubs. Usianze kwa kuandika London, anza na tawi la nyumbani.

Tarehe ndiyo hupima ustahiki: awe alitumikia kabla ya 9 Desemba 1961 kwa Tanganyika, 9 Oktoba 1962 kwa Uganda, 12 Desemba 1963 kwa Kenya. Tafuta kitabu chake cha kumaliza jeshi, medali, picha ya sare, barua yoyote yenye namba. Medali huwa na jina na namba vimechongwa ukingoni, lakini si zote, kwa hiyo igeuze polepole kwenye mwanga kabla ya kusema haina kitu. Kama karatasi zililiwa na mchwa au ziliungua, kaa na mzee umwandike: namba yake, batalioni, kambi alizopita, majina ya maofisa wake. Wazee wengi wamesahau majina ya wajukuu lakini namba ya jeshi wanaitamka kwa Kiingereza bila kukwama. Mrekodi kwa simu akiitamka, uipeleke hiyo.

Kwa mjane, tatizo kubwa ni ndoa ya kimila isiyo na cheti. Pata barua ya chifu au mtendaji wa kijiji inayothibitisha ndoa, na iandikwe mjane akiwa bado hai wa kuulizwa maswali. Msaada huu ni wa mzee mwenyewe au mjane wake. Mtoto na mjukuu hawaurithi. Waliopigana Bama sasa wana karibu miaka 100 au zaidi, kwa hiyo kama bibi yupo na kuna anayeweza kumfikisha kwenye ofisi ya tawi, apelekwe wiki hii, usisubiri likizo ya Desemba.